Kabemba na Pete Isiyojizungusha

Nyamazeni, enyi wa Kolwezi na wa Kapata, nanyi wa Lubudi mnaongojea treni tangu juzi, na wa Fungurume mnaokohoa vumbi la malori! Tueni sufuria, zimeni redio, mwambieni mwenye jenereta aipumzishe kidogo, maana habari hii si ya wafalme walioteka miji, ambao sifa zao zimeimbwa hata zikachosha masikio. Hii ni kuu kuliko hizo zote: jinsi Kabemba mwana wa Mukuna, mbele ya mlango mmoja, kwa mkono wake wa kushoto, alivyozungusha pete ya lenzi kuukuu kiasi cha upana wa punje ya mchele, na ulimwengu ukaonekana sawasawa. Nawe, ewe Vumbi, malkia wa mji huu, uliyekaa juu ya kila meza na ndani ya kila kikohozi, tupishe kidogo tusimulie.

Kabemba huyu alikuwa nani? Alikuwa bingwa wa picha nne za pasipoti kwa dakika tano, mshindi wa harusi mia mbili na komunyo zisizo na idadi, mwenye studio ya mlango mmoja mkabala na soko, ambamo lilining'inia pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona. Kamera yake ilikuwa ya kisasa, nyeusi, yenye vifungo kumi na tisa, na katika hivyo alivijua vitatu. Kamera hiyo ilikuwa na akili: ukiwaelekezea watu, inawatafutia nyuso yenyewe, inaziwekea kijisanduku cha kijani, inazungusha lenzi yenyewe mpaka sura ikolee, kisha inalia pii. Kazi ya Kabemba ilikuwa kusema "cheka" na kubonyeza. Kwa ustadi huo wa kusema "cheka" alijiita Maître, yaani fundi mkuu, na watu wakamwitikia hivyo ili mambo yaende.

Ikawa Jumatatu moja ya kiangazi, saa nne asubuhi, akaingia studioni Mama Ndaya wa Nyumba Kumi na Nne, mjane asiyefiwa, mwenye miaka sabini na goti moja bovu. Alibeba furushi dogo. Akalifungua juu ya meza, kitambaa baada ya kitambaa, na ndani mkaonekana lenzi ya chuma, nzito, yenye tarakimu nyeupe na nyekundu, iliyotengenezwa katika Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo nayo imekwisha kubomolewa. Juu ya pete yake palikuwa na tone dogo jekundu lililokauka, na Kabemba, kwa jicho lake la kitaalamu, akalihesabu kuwa uchafu.

Mama Ndaya akaketi, akanyoosha goti, akahutubu.

"Maître Kabemba, mutoto ya Mukuna, sikia. Nyumba yangu bamekwisha kuiandika croix, musalaba nyekundu. Kampuni inasema shaba iko chini ya jikoni. Miaka makumi tano mi napika bukari juu ya shaba yao, na hata siku moja haikunisumbua. Vendredi, Ijumaa hii, machine inakuya kuibomoa. Mbele ya ile Vendredi mi nataka foto moja, mi na mulango. Lakini utaipiga na hii objectif, ju ni yenyewe ilinifotoa pale ku mulango mwaka wa 74, na mwenye alikuwa anaishika ni bwana yangu Tshibangu."

Kuhusu Tshibangu, wapo watakaouliza, na wasiouliza ni kwa sababu wanajua. Alikuwa karani wa migodi siku sita za juma na mpiga picha siku ya saba. Nusu ya cité, mtaa wa wafanyakazi wa migodi, ilisimama kwenye ngazi ya mlango wake, imenyoosha shingo. Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo wa tisini, migodi ikaporomoka, mishahara ikapotea njiani, na wakubwa wa siku zile, baada ya kutafakari sana, wakagundua kwamba aliyeporomosha migodi ni jirani ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Tshibangu alizaliwa Kolwezi. Ushahidi huo haukumsaidia. Alikaa wiki tano kituoni na godoro lake, akapakiwa kwenye behewa, akashushwa Mwene-Ditu, mji ambao hakuwahi kuuona, akaambiwa hongera, umefika kwenu.

Mama Ndaya, mtu wa kaskazini mwa Katanga, hakufukuzwa na mtu. Alibaki kuilinda nyumba isichukuliwe, mpaka mambo yatulie, wiki tatu hivi. Tshibangu akaapa hatakanyaga tena mji uliomtoa na godoro kichwani. Ndaya akaapa hatawaachia wezi mlango wake. Viapo hivyo wakavishika miaka thelathini, kwa ukaidi ambao majeshi mengi yanautamani, huku wakipendana kwa barua na baadaye kwa simu. Mume aliondoka na kamera isiyo na lenzi, kwa kuwa siku ya msako lenzi ilikuwa imefichwa ndani ya unga wa mahindi. Mke akabaki na lenzi isiyo na kamera.

Sasa jicho moja la Tshibangu lilikuwa limezima kwa ugonjwa wa presha ya macho, na la pili lilikuwa likififia wiki hadi wiki. Aliomba kitu kimoja tu: amwone mkewe mbele ya mlango ule, kabla mlango haujaanguka na jicho halijafunga. Mjukuu wao Mignonne alijaribu kwa simu yake. Lakini simu ile ina tabia ya kulainisha ngozi, ikamwondolea bibi mikunjo yote na kumkuza macho, na Tshibangu alipoipokea picha akauliza, "Ule mutoto mwanamuke ni nani, na anafanya nini ku mulango yangu?"

Kwa hiyo ilitakiwa picha ya kweli, na kali, maana picha yenye ukungu kwa mtu ambaye tayari anaona ukungu haina kazi yoyote. Kabemba alilielewa jambo hilo mara moja. Akapanda juu ya kigoda cha wateja, akaweka mkono kifuani.

"Panguza machozi, mama!" akanena, ingawa mama hakuwa analia. "Mi Kabemba, nilifotoa bagavana wawili na askofu moja mwenye alikuwa anatembea mbio! Hii ka-objectif ya chuma njo itanishinda? Vendredi, mbele ya jua kufika kati ya kichwa, utapata foto nette, nette kabisa, mpaka tata Tshibangu atahesabu misumari ya mulango!"

Hakusema, kwa kuwa hakuulizwa, kwamba tangu azaliwe hajawahi kulenga kitu chochote kwa mkono.

Jumanne shujaa akajiandaa kwa vita. Alianza kwa usafi, kama mabingwa wote. Akaipuliza lenzi, akaifuta kwa kitambaa cha miwani, akaizungusha pete yake, nayo ikazunguka kwa kunung'unika, maana grisi ya ndani ilikuwa imeganda tangu zama za karani. Kisha akaliona tena lile tone jekundu. Akachukua wembe mpya, akalikwangua taratibu, akiwa ametoa ncha ya ulimi, mpaka pete ikang'aa. Akasimama nyuma kidogo kuutazama usafi huo, akaridhika na nafsi yake.

Lakini lenzi ya kale haikubali kukaa kwenye kamera ya kisasa bila pete nyingine ya kuziunganisha, na pete ya namna hiyo, kwa jinsi ilivyojulikana katika nchi yote ya shaba, ilikuwa moja tu. Ilining'inia kwenye funguo za pikipiki ya mpiga picha mwenzake, Kyungu wa Fungurume, aliyeidhania pambo. Kabemba akasafiri kuifuata juu ya lori la saruji. Alirudi jioni akiwa mweupe kutoka nywele hadi viatu, na pete mfukoni, na watoto wa mtaani wakamkimbia.

Jumatano akazifunga pamoja, lenzi, pete na kamera, zikaingiana kwa mlio mzuri wa chuma. Akabonyeza. Kamera ikakataa. Kwenye kioo chake ikaandika kwa Kifaransa safi kwamba hakuna lenzi.

"Iko!" akasema Kabemba. "Iko hapa! Naishika na mukono!"

Kamera ikarudia kwamba hakuna. Ndipo ukaanza ule mzingiro wa siku mbili ambao wajuzi huuweka sambamba na mizingiro mikubwa ya dunia. Kabemba akaingia ndani ya orodha za mipangilio, chumba baada ya chumba, akafungua milango ambayo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuifungua, akazima tarehe, akawasha mlio wa kengele, akageuza rangi zote kuwa kahawia. Alhamisi asubuhi akabadilisha lugha kwa bahati mbaya, na kamera ikamsemesha Kichina hadi saa nane mchana. Akala mkate mkavu kaunta, akawafukuza watu watatu wa pasipoti. Hatimaye, katika ukurasa wa mwisho wa orodha ya mwisho, akakuta mstari mdogo mnyonge: kupiga bila lenzi, hapana. Akaigeuza hapana kuwa ndiyo. Kiwambo kikafyatuka, tak! Kabemba akauinamisha uso juu ya meza, machozi yakamtoka, na tusimcheke, maana wengine wameshangiliwa kwa kugeuza ndiyo kuwa hapana.

Kukapambazuka Ijumaa. Katika safu ya nyumba za cité, kila ukuta ulikuwa na msalaba mwekundu uliochuruzika, na mwisho wa safu tingatinga la manjano lilikuwa likinguruma pale pale liliposimama, ardhi ikitetemeka chini yake. Juu yake aliketi Feruzi, dereva wa kampuni, kijana mpole wa familia ya wasafirishaji, mwenye amri ya kuanza saa nne kamili. Mama Ndaya alikuwa amesimama kwenye ngazi yake tangu saa moja, kitenge kipya, kilemba kimenyooka, kucha za vidole zimepakwa rangi nyekundu mbichi, kama siku ile ya mwaka wa 74. Kabemba akawasili na silaha zake. Mama akaipokea lenzi ili aisalimie, akaizungusha mkononi mara moja, mara ya pili.

"Maître. Verni yangu iko wapi?"

"Verni gani, mama?"

"Ile nyekundu ya ku pete. Mi mwenyewe niliitia, na verni ya vidole yangu. Tshibangu alikuwa anapelekaka ile tone ku mustari, anasimama ku nafasi yake, anapiga, inatoka nette. Hakuwa anatafuta hata kidogo. Ni ile tone ilijua mulango."

"Nilisafisha," akasema Kabemba. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa hotuba fupi kiasi hicho.

Mama Ndaya hakupiga kelele. Aliutazama mlango, akatazama tingatinga, akapanda tena ngazi yake akasimama wima. Kabemba akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akaogopa kwelikweli.

Akaanza kupiga. Jua lilikuwa kali, kioo cha kamera hakionekani, basi akajifunika kichwa kwa kitenge kingine cha mama, yeye Maître wa kisasa, akafanana na wapiga picha wa enzi za babu yake. Picha ya kwanza, mpapai nyuma ya nyumba ulitoka vizuri sana. Ya pili, ni kamba ya nguo iliyoshinda. Akapima hatua hadi mlangoni, akaziweka kwenye tarakimu za pete, naye akasoma zile nyekundu, ambazo ni za futi, kana kwamba ni mita. Mlango ukatoka kama uji. Kila akimpata mama machoni, mama alivuta pumzi au alihamisha uzito kutoka goti bovu kwenda goti zima, na ardhi ikitetemeka juu ya hayo yote. Picha thelathini na sita akapiga, na zote thelathini na sita zilikuwa za mzimu aliyevaa kitenge. Saa ilikuwa tatu na dakika arobaini.

Ndipo Mama Ndaya akatoa simu kifuani, akapiga Mwene-Ditu, akaeleza msiba kwa maneno machache, akaiweka sauti nje. Kisha ikatoka sauti kavu ya mzee, inayokatika-katika kwa mtandao.

"Eh, Maître. Ni nani alikupa ile jina?"

"Ni... ni bantu, tata."

"Bantu iko na huruma. Sasa sikia, ju crédit ya hii simu si ya kwangu. Kwanza, simama ku shaba."

"Shaba gani, tata?"

"Ndaya, onyesha mutu ile shaba!"

Mama akashuka, akalisukuma pipa la maji kwa nyonga, na chini yake, ndani ya saruji, kikaonekana kipande cha shaba chenye umbo la msalaba, cha namna ile mababu waliyotumia kuolea. Tshibangu alikizika hapo ili miguu yake ipate mahali pake kila Jumapili. Kampuni nzima ilikuwa ikitafuta shaba chini ya jikoni, na hii ilikuwa juu juu uani, chini ya pipa. Kabemba akasimama juu yake kwa viatu vyake vya mchongoko.

"Niko, tata."

"Ya pili. Hapana tafuta uso ya mama. Uso inapumua, inatikisika, inakumbuka bintu. Ku bubambazi, ku ukuta ya pembeni ya mulango, kuko numero ya nyumba, kumi na ine. Numero haitembeake. Ndaya aweke bega yake sawa na numero. Weye tafuta numero tu. Ile siku numero iko nette, na yeye iko nette. Ya tatu, tundu ya mwangaza, funga mpaka ku huit, ku nane. Ya ine, funga na kinywa yako."

Kabemba akakifunga. Lakini ardhi ilikuwa bado inatetemeka. Mama Ndaya akaligeukia tingatinga, akapaza sauti iliyozoea kuita watoto kutoka mwisho wa barabara.

"Feruzi, mutoto yangu! Zima ile nyama yako ya chuma!"

"Mama, chef atanikamata!"

"Dakika mbili!"

Feruzi akafikiri, akatazama nyuma, akatazama kamera. "Basi na mi munifotoe," akasema. "Mi juu ya machine, na miwani ya jua." Mkataba huo ukatiwa muhuri kwa kichwa cha Kabemba kilichotikisika chini ya kitenge, na ngurumo ikakatika.

Kukawa kimya ambacho mtaa ule haukukisikia kwa miezi. Enyi mnaosikiliza, hapa ndipo pa kushika pumzi! Mkono wa kushoto wa Kabemba ukaishika pete. Ukungu ukatanda mbele yake, wa buluu na mweupe. Akazungusha, ndani ya ukungu ikatoka moja, kijiti kimoja tu cheupe. Akazungusha, nne ikajitokeza, ikavimba, ikapata kona. Akapitiliza, zote mbili zikayeyuka. Hakulaani, maana aliamriwa kufunga kinywa. Akarudi nyuma polepole, grisi ya zamani ikigoma, akarudi kiasi cha upana wa punje ya mchele, na kumi na nne ikasimama pale na kingo zake zote, na kutu ya msumari wake, na ufa mdogo kwenye rangi. Bega la mama lilikuwa sambamba nayo. Hakusema "cheka". Akabonyeza.

Akaikuza picha kwenye kioo. Misumari ya mlango ilihesabika. Msalaba wa kampuni na michirizi yake ulikuwepo. Mikunjo ya uso wa Mama Ndaya ilikuwepo yote, hakuna uliokosa kufika, na katikati yake yale macho mawili yanayotazama moja kwa moja pale juu ya shaba, kama yalivyozoea kumtazama mtu mwingine. Mama akaitazama muda mrefu.

"Ni mi," akasema.

Kabemba akataka kuifungua lenzi. "Hapana gusa pete!" Mama akamkemea, akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, akatia tone moja juu ya pete, pale pale penye mstari, akalipuliza mpaka likakauka. Kisha akamwomba Feruzi mtarimbo. Feruzi akashuka mwenyewe, akaking'oa kibao cha kumi na nne, akaichokoa ile shaba kutoka kwenye saruji, akavipanguza kwa mkono wa shati lake, akamkabidhi. Akapanda tena, akavaa miwani, akapigwa picha yake kama ilivyokubaliwa. Saa nne na dakika sita akawasha mashine. Nyumba iliyolindwa miaka thelathini ilikwisha kwa dakika kumi na moja.

Picha ikatumwa kutoka studioni, chini ya maporomoko ya maji. Walingoja. Mchana simu ikalia, na Mama Ndaya akaiweka sauti nje, maana Kabemba alikuwa amemwinamia kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Nette," ikasema sauti. "Numero naisoma, peke yangu." Kisha ikauliza, "Ndaya, nyumba?"

"Imeanguka."

"Sasa unachunga nini kule?"

Mama Ndaya akalitazama furushi mapajani mwake.

"Hakuna," akasema.

"Basi kuya."

Akaondoka kwa treni Jumatano iliyofuata, kutoka kituo kile kile alikopakiwa Tshibangu, na hakuna aliyemsukuma. Alikuwa na kitenge kimoja cha kubadilisha, na ndani ya furushi lenzi, kibao cha namba, na shaba. Huko Mwene-Ditu vitapangwa tena, alisema: kutoka shaba hadi kibao ni hatua sita, na hatua anazijua. Kabemba alimbebea mzigo hadi kwenye behewa, na treni iliposogea akalia hadharani bila kujificha.

Basi na iandikwe katika vitabu vya nchi, baada ya orodha ya magavana na kabla ya orodha ya madini, kwamba katika siku zile, mji ulipokuwa ukiliwa kutoka chini, mtu mmoja alizungusha pete kwa mkono wake na hakukosea. Studio ipo bado mkabala na soko. Kamera imerudishiwa lenzi yake yenye akili, inawatafutia watu nyuso na kulia pii kama zamani. Ila kwenye pazia, katikati ya maporomoko ya maji, Kabemba amechora kumi na nne kwa rangi nyeupe, na kila mteja anapokaa humwambia asogeze bega lake liwe sawa na namba. Wengine huuliza ni namba ya nyumba gani. Yeye huwaambia watulie, wasitikisike, kisha anapiga.